Mwaka Niliong'oa Mbaazi

Mimi ndiye niliyeng'oa mbaazi nikaacha magugu. Naanza na hilo mwenyewe kwa sababu Sigino nzima inalijua, na sipendi mtu mwingine anisimulie habari zangu huku akicheka. Niling'oa mbaazi za mama yangu mstari kwa mstari, kwa mikono yangu miwili, nikazitupa pembeni zikauke juani, halafu nikasimama kiuno kikiniuma, nikajisifu kwamba shamba limekuwa safi. Nilichokiacha shambani kilikuwa marejea. Na kama ningerudishiwa Januari ile leo, ningezing'oa tena.

Mimi ni fundi cherehani mjini Babati. Nina chumba kimoja cha kazi karibu na soko, cherehani mbili, na mdomo ambao wateja wangu wamejifunza kuuvumilia kwa sababu wanaupenda mkono wangu. Naishi Nakwa. Nilizaliwa Sigino, lakini tangu darasa la kwanza nililelewa mjini kwa shangazi ili niwe karibu na shule, nikawa narudi nyumbani likizo ya Juni na ya Desemba tu. Likizo hizo ndizo zilizoniponza. Juni mbaazi ni ndefu kuliko mtoto, na Desemba bado hazijaota. Kwa hiyo nilikua nikizijua mbaazi zikiwa miti, na nikizijua zikiwa ndani ya makande. Mbaazi changa, yenye majani sita na shina kama uzi, sikuwahi kuiona mpaka nilipofika miaka arobaini na mbili.

Marejea nilikuwa nayajua kwa njia yangu. Yanaota yenyewe pembeni mwa barabara na kwenye mitaro, hakuna anayeyapalilia wala kuyamwagilia. Maua yake ni ya njano, na ukisogeza macho karibu unaona mistari myembamba ya rangi ya damu ya mzee. Ua likianguka linabaki ganda nono, na ganda likikauka mbegu zinalia ndani. Likizo ya Juni tulikuwa tunayachuma yale makavu, tunayafunga miguuni kwa vipande vya kanga, tunacheza ngoma uani mpaka Baba atoke na kutufukuza. Nilidhani hapendi makelele.

Baba alifariki nikiwa bado mwanafunzi wa ushonaji. Mama akaendelea na shamba peke yake miaka mingi, mpaka macho yake yalipoanza kuharibika. Ilikuwa presha ya macho. Ilimla kidogo kidogo, kwanza pembeni, halafu katikati, akabaki anatofautisha mwanga na kivuli tu. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Dodoma, alimpeleka hospitali kubwa mara mbili na hakuwahi kumkumbusha mtu jambo hilo. Nasema hivi mapema ili asije akaonekana mtu mbaya. Kaka si mtu mbaya, ila ni mtu anayependa kila jambo limalizike.

Na jambo alilotaka limalizike lilikuwa shamba. Ni ekari mbili kwenye mteremko, nyumba ikiwa juu kabisa, na kwa miaka mingi lilikuwa linazeeka. Mahindi yalitoka yamefifia, mabua membamba, magunzi yana mapengo. Huku mji nao unatufuata mbio. Kila ukigeuka unakuta jiwe jipya la mpaka wa kiwanja. Kaka akasema ardhi imekufa. Akasema shamba lisilomlisha mtu halina haki ya kumfunga mtu. Liuzwe viwanja, Mama ahamie kwake Dodoma, kwenye nyumba yenye geti na dada wa kazi wa kumwangalia.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Huko Dodoma nitakaa nasikiliza nini?"

Kaka hakuelewa. Mimi nilielewa. Pale alipo, Mama anajua saa kwa ng'ombe wa jirani wanavyopita. Anaijua mvua inayotoka upande wa Mlima Kwaraa kabla sisi hatujaona wingu, kwa jinsi migomba inavyoanza kuongea. Mgeni akiwa bado njiani, yeye ameshamtambua kwa mwendo wake. Ukimtoa pale unamnyang'anya macho aliyobaki nayo. Nikasema, bila kufikiri, kwamba msimu ule nitalima mimi.

"Wewe?" Kaka akashangaa. "Wewe unayepanda bodaboda kwenda kununua uzi?"

"Mimi," nikasema.

Tulipanda Desemba, mimi na Mama. Yeye alitafuta shimo kwa dole gumba la mguu, akadondosha mbegu, akafunika, na hakukosea hata shimo moja. Kazi ya kukosea alikuwa ameniachia mimi.

Anayemjua fundi cherehani anaijua Januari yake. Ni mwezi wa sare za shule. Wazazi wote wa Babati wanakumbuka siku moja kwamba watoto wamekua, na wote wanataka sketi kesho. Nilikuwa na sketi za bluu mpaka juu ya kitanda. Lakini palizi haingoji sketi, basi nikawa naamka alfajiri, nachukua bodaboda mpaka Sigino, napalilia saa mbili, narudi kazini na matope kwenye kucha.

Mama alinipa maelekezo akiwa amekaa mlangoni. Kiswahili chake ni cha mtu aliyetoka juu, Mbulu, akiwa tayari msichana mkubwa. Anakiongea taratibu na hakijali sana sarufi.

"Acha mahindi, acha na mbaazi," aliniambia. "Mbaazi ina majani tatu tatu, nyembamba. Hiyo ingine yote toa."

Nikaenda. Upande wa juu, ule ulio karibu na nyumba, nikakuta mimea ya aina mbili, yote ina majani matatu matatu, yote membamba. Mmoja ulikuwa umejaa kila mahali, kijani kilichoiva, umenyooka kama umepigwa pasi. Mwingine ulikuwa mdogo, umesinyaa, mojamoja, kama umeomba ruhusa kuota. Mimi ni mtu wa kuchagua vitambaa. Ukiniwekea viwili mezani, kimoja kizuri na kingine kimechuja, siulizi kipi ni cha mteja. Nikaamua kwamba huu mzuri ndio mbaazi, na huu dhaifu ni gugu linalojifananisha. Asubuhi tatu nikawa nimemaliza upande wote wa juu.

Upande wa chini sikuufikia, sare zilinizidi. Akina mama wanaosali na Mama kanisani wakaja siku moja, kumi na kitu, wakaupalilia wakiimba, wakamaliza kabla ya saa sita mchana. Hao wanaijua mbaazi tangu wakiwa wamebebwa mgongoni. Walipita katikati ya kazi yangu kwenda na kurudi, wakaona kila kitu, wasiseme neno. Baadaye nilimuuliza mmoja wao, mama jirani, kwa nini alinyamaza. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Si tulijua umetoka semina," akasema.

Jamani! Ndivyo tulivyo. Mtu wa mjini akifanya jambo la ajabu shambani hatumuulizi kama amekosea, tunadhani amefundishwa. Na aliniambia kwamba wawili kati yao walirudi nyumbani wakaanza kuacha marejea machache kwenye mashamba yao, wasije wakapitwa.

Kaka alikuja Pasaka. Ana kofia ya pama ya kahawia ambayo anaivaa tangu alipopandishwa cheo, na kanisani anaivua akiwa ameshakanyaga kizingiti. Mimi nilikuwa nimefika jana yake usiku, mara ya kwanza tangu palizi, na nilikuwa jikoni nakaanga nyama nikamsikia anacheka kabla sijamwona. Nikatoka na mwiko mkononi. Alikuwa amesimama kichwani mwa shamba, mikono kiunoni, na mbele yake upande wote wa juu ulikuwa wa njano. Marejea yalikuwa yameyapita mahindi, yamechanua tangu chini mpaka ncha, na nyuki walikuwa wanavuma humo ndani kama kuna sherehe. Yalikuwa mazuri, na uzuri wa namna hiyo ndani ya shamba la chakula ni aibu tupu.

"Fundi," akasema, "Mama alikutuma mbaazi, wewe umempandia ukumbi wa harusi?"

Nikatazama upande wa chini, waliopalilia akina mama. Mbaazi zilikuwa zimesimama katikati ya mahindi, kijani kizito, hazina hata ua moja. Nikatazama tena upande wangu. Nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja, na damu ikanipanda mpaka masikioni.

Hapa ndipo tabia yangu inapoingia. Mimi kazi yangu sipendi kuifumua. Nikiwa bado najifunza ushonaji niliwahi kukata mkono mmoja wa gauni mfupi kuliko mwenzake. Badala ya kukiri nikaukata na wa pili, nikaongeza marinda, nikamwambia mwenye gauni kwamba ni mtindo mpya. Wateja watatu wakaja kuutaka. Tangu siku hiyo nina ugonjwa wa kuamini kwamba kosa langu likishughulikiwa vizuri linakuwa bora kuliko usahihi wa mtu mwingine.

"Ni makusudi," nikasema.

"Makusudi gani?"

"Ni mbolea hiyo. Nayafukia, ardhi ipate nguvu."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia redioni nikiwa napiga pasi, nusu nusu, na sikujua kama ni ya kweli. Kaka akavua kofia akajipepea.

"Wewe hata mbaazi huijui," akasema.

"Njoo mwakani Pasaka uone."

Akayatazama mahindi, ambayo yalikuwa yamemfika kiunoni na yalikuwa yameshakata tamaa ya kuendelea. Alipozungumza tena alizungumza kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kicheko.

"Mdogo wangu, sitaki kuuza kwa ubaya. Nimeshaongea na mtu wa viwanja, anasubiri neno langu tu. Lakini sawa. Mwakani Pasaka nitaingia humu nimevaa hii kofia. Mkiiona kutoka mlangoni, tunauza, na wewe ndiye utakayemfungia Mama mizigo. Mahindi yakiifunika, neno kiwanja sitalitamka tena hapa nyumbani maadamu Mama yuko hai."

Tukapeana mikono. Mama alikuwa ndani, hatua tatu kutoka tulipokuwa, na alikuwa amesikia yote. Wakati wa kula Kaka alipoitundika kofia kwenye msumari, niliichukua nikaipima kwa futi yangu ya kushonea kama ninavyopima kiuno cha mtu. Urefu wake mwenyewe nilikuwa nao kwenye daftari la vipimo, maana suti zake namshonea mimi. Kaka na kofia yake, kutoka kisigino mpaka juu, ni futi sita na inchi moja na nusu.

Kesho yake, Kaka alipokwenda kusalimia ndugu zetu kule Mutuka, Mama aliniambia nimshike mkono twende shambani. Nilijua kinachonisubiri. Alisimama kwenye mstari wa kwanza, akanyoosha mkono, akashika jani akalisugua.

"Hii siyo mbaazi," akasema. "Mbaazi ina manyoya kidogo. Hii iko laini, inateleza."

Akapanda na vidole mpaka juu, akayakuta maua, akalichuma moja, akalipasua kwa ukucha, akalinusa muda mrefu.

"Marejea," akasema. "Umekosea. Siyo makusudi."

"Nimekosea, Mama."

"Usimwambie kaka yako."

Siri hiyo alikuja kuitoa yeye mwenyewe baadaye, mbele ya akina mama wa kanisani, kwa fahari kubwa, na ndiyo sababu Sigino nzima inaijua. Lakini asubuhi ile hakucheka. Alibaki ameshika lile ua, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Baba yako alikuwa anapanda hii. Hapa hapa, upande wa juu. Mbegu alipewa na mapadri, nyinyi hamjazaliwa. Mwaka huu anaweka juu, mwaka ule anaweka chini, halafu anafukia. Watu walimcheka. Wanasema, mume wako analima maua. Mimi nilikuwa naona haya." Akalizungusha lile ua vidoleni. "Mwaka aliokufa niling'oa yote. Nikapanda mahindi mpaka mlangoni."

Nikakumbuka Baba akitufukuza uani tukiwa tumejifunga njuga zetu miguuni. Miaka yote nilidhani hapendi makelele, kumbe tulikuwa tunachezea mbegu zake.

"Alisema inaitwa marejea sababu inarejesha," Mama akaendelea. "Unachukua kwa ardhi, hii inarejesha. Mimi nilidhani ni jina tu. Kila mwaka yanatoka hapa, kila mwaka napalilia natupa. Kumbe yalikuwa yanangoja mtu asiyejua kupalilia."

Nililia pale, na nililia nikicheka, kwa sababu nilikuwa nimetukanwa na kusifiwa kwa sentensi moja.

Baada ya Pasaka, mvua zikiwa bado hazijaisha, nikaanza kufukia. Nilifunga ofisi Jumatatu na Alhamisi. Mama alisema marejea yanakatwa yakiwa yamechanua, kabla ganda halijakomaa. Ukichelewa shina linakuwa gumu na linakataa kuoza. Basi nikakata kwa panga, nikakatakata vipande, nikachimba mfereji katikati ya mistari ya mahindi, nikalaza, nikafunika. Mkono wa fundi cherehani una sugu kwenye dole gumba na kidole cha shahada tu. Kwingine kote ni laini. Siku ya pili malengelenge yalipasuka na mpini wa jembe ukawa unateleza.

Mama alikaa kwenye kigoda mwisho wa mstari. Nilidhani mtu asiyeona hawezi kusimamia kazi, na kwa mara nyingine nikawa nimekosea. Alikuwa anasikiliza jembe. Likizama sawasawa linatoa sauti nzito, fupi. Likiparuza juu juu linakwaruza, na yeye anainua kidole.

"Hilo halijaingia," ananiambia. "Rudia."

Nikawa narudia. Nilinung'unika, nilisonya, nilimwambia kwamba hata shangazi hakuwahi kunitesa hivyo, na nikawa narudia. Mstari mmoja tu niliuacha kando ya ukuta wa jiko uzae mbegu. Uliponyauka na kukauka, kila upepo ulipopita maganda yalilia, na Mama alikuwa akihamishia kigoda chake pale jioni kabla ya chakula. Tulizipukuchua pamoja, akazitia kwenye kidumu cha mafuta ya kula, akawa anakitikisa kila siku asubuhi kuhakikisha zimo.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mabaya kama kawaida. Upande wa juu haukutoa hata punje ya mbaazi, tulikula za chini. Akina mama waliniuliza semina inaendeleaje, na nikawajibu vibaya. Mwezi wa tisa nilikwenda peke yangu nikasimama juu ya ule udongo niliotoa damu kuuchimba. Nikaupiga teke. Lilikuwa vumbi lile lile, rangi ile ile. Niliogopa sana siku hiyo. Nilijiona nikikunja kanga za Mama moja moja, nikizipanga kwenye begi, naye amekaa kitandani anasikiliza zipu.

Mvua zikachelewa. Zilikuja karibu na Krismasi, tukatoka na Mama kupanda, tukaanza na upande wa juu. Nikainua jembe nikalishusha kwa nguvu niliyoizoea, na nusura niangukie pua, kwa sababu jembe lilizama lote. Nikachota udongo. Ulikuwa mweusi, umelegea, una harufu ya uyoga, na ndani yake minyoo miwili minene ikajikunja kwa hasira ya kuamshwa. Nikampelekea Mama mkononi. Mama hapendi minyoo hata kidogo. Siku hiyo aliishika.

"Ehee," akasema, akairudisha udongoni, tukaendelea kupanda.

Upande wa juu tukapanda mahindi na mbaazi. Upande wa chini tukapanda mahindi, na katikati yake nikamwaga marejea kutoka kwenye kidumu, kama alivyofanya Baba. Ilipofika palizi, Mama hakunipa jembe mpaka anipe mtihani. Alinikalisha, akaniambia nifumbe macho, akawa ananiwekea jani mkononi. Hii? Mbaazi, ina manyoya. Hii? Marejea, inateleza. Hii? Nikasema mbaazi. Akanipiga kofi dogo la kiganja, tukaanza upya. Sare za shule zilinisubiri Januari hiyo, na wateja walionijia juu kwa hasira wakasikia ya kwao.

Kila Jumatatu nilikwenda na futi yangu. Nilichagua mhindi mmoja katikati ya shamba nikawa naupima kama mteja. Mwisho wa Januari ulimfika Kaka magotini. Katikati ya Februari ulikuwa kwenye kifungo cha pili cha koti lake. Mwanzoni mwa Machi ulifika kwenye ukosi, na nikaanza kushindwa kushona vizuri. Nilimshonea mwalimu mmoja suruali yenye mifuko miwili upande mmoja. Halafu ukatoa mbelewele, ile taji ya juu inayomwaga vumbi, na Jumatatu iliyofuata nikashindwa kupima. Futi ya kushonea ina urefu wa mita moja na nusu. Niliupima mara moja, nikaweka kidole, nikaanza tena, na mkono wangu ulipoishia, mhindi ulikuwa bado unaendelea.

Sikumwambia mtu. Mama sikuwa na haja ya kumwambia. Alisimama siku moja kwenye mstari wa kwanza, upepo ukapita, akainua uso.

"Yanaongea juu ya kichwa changu," akasema.

Kaka alifika Jumatatu ya Pasaka, saa nne asubuhi. Aliegesha gari barabarani akateremka, na nikamwona anasimama pale pale alipokuwa amesimama mwaka uliopita na kucheka. Safari hii hakucheka. Alikuja polepole, akamwamkia Mama, nami nikamwamkia. Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni, amejifunga kanga mpya. Mama jirani alikuwa uani kwake anajifanya anaanika nguo. Alianika shuka moja mara tatu.

"Haya," Kaka akasema. "Ahadi ni ahadi." Akaiweka kofia kichwani, akaiinua kidogo ikae juu juu.

"Ivae sawasawa," nikamwambia. "Nina kipimo chake."

Akaniangalia, akaishusha, akaingia.

"Unaiona kofia?" Mama akauliza.

"Naiona, Mama." Mistari ya kwanza, iliyo kwenye kivuli cha nyumba, ilikuwa mifupi kidogo, na pama lilikuwa linaelea juu yake.

"Sasa?"

"Naona nusu."

"Sasa?"

Ukingo wa kahawia ukatokeza kati ya mbelewele mbili, ukapotea, ukatokeza tena. Halafu mahindi yakajifunga nyuma yake, yakatikisika kidogo, yakatulia. Nilinyanyuka kwa vidole vya miguu. Nilipanda kwenye kizingiti. Hapakuwa na kitu isipokuwa kijani mpaka kule chini ambako marejea yalianza kuwa ya njano.

"Siioni," nikasema.

"Sema tena."

"Siioni, Mama."

"Sema kwa nguvu. Na yeye asikie."

Nikavuta pumzi, nikapiga ukelele uliofika barabarani. "Kofia haionekaniii!" Mama jirani akatupa shuka lake chini akapiga vigelegele, na nyumba ya tatu wakaitikia bila kujua ni kwa ajili gani. Mimi nilikuwa naruka pale uani, mwanamke mzima, nikiwa na futi shingoni. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata hata siku ya harusi yangu, na siku ya harusi yangu nilivaa gauni nililoshona mwenyewe.

Mama alisubiri vigelegele vipoe, akamwita mwanawe kuelekea shambani.

"Baba! Uko wapi?"

"Niko hapa, Mama," Kaka akaitika kutoka ndani, mbali.

"Hapa wapi?"

Mahindi yakachakarika upande mmoja, halafu upande mwingine.

"Sijui," akasema.

Alitokea upande wa chini, katikati ya marejea, akapanda kwa njia ya pembeni akirudi nyumbani. Kofia ilikuwa imejaa vumbi la mbelewele na petali mbili za njano zilikuwa zimenasa kwenye ukingo. Hakuniangalia mimi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kigoda, akavua kofia, akaiweka kichwani kwa Mama, akairekebisha isimzibe masikio.

"Jua la Sigino kali," akasema. "Kama utaendelea kukaa hapa utahitaji kofia."

Mama akaipapasa. Akazipata zile petali, akazisugua kati ya vidole, akazijua.

"Asante, baba," akasema. "Sasa vua viatu. Marejea ya chini imechanua, imefika kufukia. Dada yako mikono imemuisha. Jembe liko nyuma ya mlango."

Kaka akanitazama kuomba msaada, nami nikamletea jembe. Akakunja suruali, ile niliyoishona mwenyewe kwa kitambaa cha gharama, akashuka mpaka kwenye mstari wa kwanza wa maua. Mimi nikamshika Mama mkono, nikambebea kigoda, nikamkalisha pembeni. Nyuki walikuwa wanavuma. Kaka akainua jembe juu kabisa, akalishusha.

Mama akainamisha kichwa chini ya kofia ya pama, akasikiliza.

"Hilo halijaingia," akamwambia. "Rudia."